Mchango wa shilingi 30,000 na hesabu ya miezi 180

Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro anayeishi Moshi hapati mshahara, anapata safari. Kati ya Juni na Oktoba hupanda mara nyingi, kisha masika ya Aprili na Mei humrudisha nyumbani mikono mitupu. Je, utaratibu wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) unaomtaka aliyejiajiri kuchangia kuanzia shilingi 30,000 kwa mwezi unamlinda mtu huyu, au unamfungia mlango?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Kiasi hicho ni shilingi 1,000 kwa siku, fedha ambayo mama lishe wengi wa Soko la Kilombero jijini Arusha wanaweza kuitoa kwenye upatu. Mchango mdogo kuliko huo ungezaa pensheni isiyotosha hata unga, na skimu yenyewe inaruhusu kulipa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa upande wake huvunjwa kila mwaka, mara nyingi Desemba watu wanaporudi vijijini kwao mlimani kula sikukuu, kwa hiyo akiba yake haifiki uzeeni. Sivibezi vikoba kwa kusema hivyo, kwani ada za watoto wengi wa Kilimanjaro zimetoka humo.

Hata hivyo, kima kisichobadilika humwelemea zaidi mwenye kidogo. Anayepata 150,000 kwa mwezi hutoa asilimia 20 ya kipato chake, ilhali anayepata 600,000 akichangia kiasi hichohicho hutoa asilimia 5 tu. Mwajiriwa wa sekta binafsi naye huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, lakini kwa kawaida nusu yake hutoka kwa mwajiri. Aliyejiajiri hana wa kumshika mkono. Marekani, sheria ya akaunti binafsi za kustaafu inahangaika zaidi na kikomo cha juu: mwaka 2024 mtu wa chini ya miaka 50 hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 7,000, wala zaidi ya kipato alichokifanyia kazi. Rwanda, kupitia mpango wa Ejo Heza ulioanza mwaka 2018, serikali iliamua kuwaongezea fedha wawekaji wa kipato cha chini waliotimiza masharti. Mfano huo wa pili ndio unaotuhusu.

Lakini kwa maoni yangu ugumu mkubwa hauko kwenye elfu thelathini, uko kwenye hesabu ya miezi. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, na umri wa miaka 60, au 55 kwa hiari. Mpagazi aliyejiunga akiwa na miaka 30, akachangia miezi sita tu ya msimu kila mwaka, atafikisha miezi hiyo siku anapotimiza miaka 60 kamili, pasipo hata mwezi mmoja wa kuugua, na sote tunaoishi chini ya mlima huu tunajua kuwa magoti ya mpagazi hayangoji umri huo. Aliyejiunga akiwa na miaka 40 kwa mwendo huohuo atakuwa na miezi 120, naye atapewa malipo ya mkupuo badala ya pensheni ya kila mwezi.

Ni kweli kwamba anaweza kulipa miezi ya masika mapema, fedha za Agosti zikiwa mkononi. Ila Agosti ndipo madeni ya Mei yanapodaiwa, na kumtaka mtu huyo atangulize uzee wake mbele ya mwenye duka aliyemkopesha unga ni kumtaka mengi mno. Ningependa kima kihesabiwe kwa mwaka, yaani shilingi 360,000 zihesabike kuwa miezi 12 kamili hata zikilipwa ndani ya miezi minne, na serikali ijaze angalau sehemu ya pengo la mwajiri kwa wale wanaoishia kwenye kima cha chini. Gharama yake kwa hazina haitakuwa ndogo, na wanaoihofia wana haki ya kudai hesabu kwanza. Basi hesabu hiyo ifanywe, na ianze na wapagazi, ambao majina yao huandikwa getini kila safari.