Ile dakika moja ruta inapokaa kimya

Zima ruta ya Wi-Fi kisha iwashe tena. Mtandao wa gigahetsi 2.4 unarudi upesi. Ule wa gigahetsi 5, ruta ikiwa imepangiwa chaneli fulani za katikati, unachelewa dakika nzima, na wengi hudhani kifaa kimechoka. Kumbe kinasikiliza. Kwa sekunde 60 hakirushi chochote kwenye chaneli hiyo. Kimetega sikio kama kuna rada kwenye masafa hayo. Kikiisikia, hakigusi chaneli hiyo kwa nusu saa. Na rada ikijitokeza wakati watu wameshaunganishwa, ruta ina sekunde 10 tu za kuhama. Ulaya, kwenye megahetsi 5600 hadi 5650 ambako rada za hali ya hewa hufanya kazi, kusikiliza huko huchukua dakika 10.

Naanza na namba hizi kwa sababu ya lawama inayorudiwa kila mamlaka ya mawasiliano inapokusanya maoni kuhusu masafa. Makundi yanayoandika viwango vya redio, kama IEEE 802 kwa upande wa Wi-Fi na 3GPP kwa upande wa simu, hupeleka barua zao, na barua hizo hupokelewa kwa jicho la shaka. Husemwa kwamba hawa ni wahandisi wanaolipwa na kampuni za chipu, wamekuja kuomba masafa wakiwa wamevaa kofia ya utaalamu. Waandike viwango, sheria waiachie serikali. Lawama hiyo si ya bure kabisa, nami nitaifikia. Ila anayeitoa hajajiuliza zile sekunde 60 zilitoka wapi.

Zilitoka kwenye mvutano mkali. Kabla ya mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 mjini Geneva, masafa ya gigahetsi 5 yalikuwa yakitumiwa na rada za kijeshi na za hali ya hewa, huku watengenezaji wa Wi-Fi wakiyataka pia. Mwanzoni mwa mwaka huo, nchini Marekani, jeshi na watengenezaji walikubaliana jinsi kifaa kitakavyoitambua rada na kuipisha. Kisha Geneva ikafungua megahetsi 5150 hadi 5350 na 5470 hadi 5725, kwa masharti. Mwaka huohuo ikatoka nyongeza ya kiwango cha Wi-Fi iitwayo 802.11h.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kanuni inasema hama ndani ya sekunde 10. Sawa. Lakini ruta haihami peke yake. Ina simu, kompyuta na runinga zilizoishikilia, kila moja ya kampuni tofauti, nyingine za miaka mingi. Ikiondoka kimyakimya, vyote vinabaki vikiita chaneli iliyohamwa, na huenda vikaendelea kurusha mawimbi palepale penye rada. Lazima kuwe na ujumbe mmoja ambao kila kifaa duniani kinauelewa: tunahamia chaneli fulani, baada ya hesabu kadhaa, na hadi hapo mnyamaze. Ujumbe huo umo ndani ya 802.11h. Hakuna mwanasheria wa mamlaka yoyote ambaye angeuandika, wala hakupaswa kuuandika. Kanuni bila ujumbe huo ingebaki amri isiyotekelezeka. Na ujumbe bila kanuni? Nani angekubali kupoteza dakika nzima kila anapowasha kifaa chake?

Upande wa pili una hoja nzito kuliko mashabiki wa Wi-Fi wanavyokiri. Mwaka 2009 rada ya hali ya hewa inayolinda ndege San Juan, Puerto Rico, iligundulika kuwa inaingiliwa na mitambo ya gigahetsi 5. Uchunguzi ulionyesha kuwa chanzo kilikuwa mitambo michache ya nje ya watoa huduma ya intaneti, iliyofungwa juu, inayotazamana moja kwa moja na rada, na mingine kinga yake ya kuitambua rada haikuwa imewashwa. Mtabiri wa hali ya hewa anayeona mstari wa uongo kwenye skrini yake hana faida na uzuri wa kiwango kilichoandikwa mezani. Ana haki ya kusema kwamba wahandisi waliahidi kinga, na kinga ikazimika kwa kubonyeza menyu.

Tena, kura ndani ya IEEE 802 ni ya mtu binafsi, wala kampuni haina kura yake. Lakini nauli na muda wa mtu huyo hulipwa na mtu. Asiye na mwajiri wa kumlipia anabaki nje. Na barua ya kundi la Wi-Fi inayoomba masafa yapunguzwe ni adimu kuiona.

Haya yote nayakubali, na bado naona dawa inayopendekezwa ni mbaya kuliko ugonjwa. Mdhibiti akijifungia mbali na waandishi wa viwango, haachi kuamua mambo ya kiufundi, anayaamua gizani. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu matumizi yasiyo na leseni kwenye gigahetsi 2.4, ikataja na mbinu: mawimbi lazima yatawanywe kwa namna maalumu. Ilikuwa busara kwa wakati huo. Baadaye ikageuka pingu, maana mbinu mpya yenye kasi zaidi, ambayo tayari ilikuwa kwenye kiwango cha gigahetsi 5 cha mwaka 1999, haikuingia katika tafsiri hiyo. Sheria ililegezwa 2002, na 802.11g, toleo la Wi-Fi la gigahetsi 2.4 lenye mbinu hiyo, ikafuata 2003.

Kazi ya kuzungumza na wadhibiti leo ndani ya IEEE 802 inafanywa na kikundi kidogo, 802.18, ambacho watumiaji wa Wi-Fi karibu wote hawajawahi kukisikia. Wanasoma hati za mamlaka za nchi mbalimbali, wanaandika majibu, wanayapigia kura, kisha kamati kuu inayapitisha kabla hayajatumwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini iko wazi: rasimu zinasomeka na yeyote. Kampuni ikimtuma mwakilishi wake akutane na mdhibiti faraghani, utasoma wapi alichosema? Kwenye ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa linaloandaa mikutano ya dunia ya redio, nako kura ni za nchi wanachama pekee. IEEE inaruhusiwa kuchangia kwenye vikundi vya utafiti, basi.

Mtihani unaofuata ni gigahetsi 6. Marekani ilifungua megahetsi 1200 zote kwa matumizi yasiyo na leseni mwaka 2020. Mkutano wa dunia wa redio wa Dubai wa 2023 ukaitambua sehemu ya juu, megahetsi 6425 hadi 7125, kwa ajili ya simu katika kanda inayojumuisha Ulaya na Afrika, huku ukikiri kwamba Wi-Fi nayo inayatumia. Kati ya mawazo yanayopimwa Ulaya ni kugawana: mnara wa simu nje, ruta ndani ya nyumba, masafa yaleyale. Wazo zuri. Lakini ruta itaujuaje mnara? Itasikiliza alama gani, kwa sekunde ngapi, na ikiisikia iviambieje vifaa vilivyounganishwa nayo? Aliyeandika jinsi ruta inavyosikiliza na aliyeandika jinsi mnara unavyozungumza wanapaswa kukaa meza moja na mdhibiti kabla kanuni hizo hazijachapwa.