Kufuli linalojaribiwa na mtu mmoja

Chukua kazi moja ndogo ya chama cha akiba na mikopo: kutoa namba ya risiti. Mkaguzi anataka namba zifuatane, 1041, 1042, 1043, isirukwe hata moja. Kihesabio cha kawaida cha PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, hakimfai, kwa sababu namba ikishatoka hairudi hata muamala (kundi la hatua zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) ukifutwa. Kwa hiyo mwanaprogramu anaandika prosija, yaani mfululizo wa amri unaohifadhiwa ndani ya kanzidata yenyewe: inafunga jedwali la risiti kwa amri ya LOCK TABLE, inasoma namba iliyo kubwa kuliko zote, inaongeza 1, inaandika risiti. Kisha anaandika jaribio. Anaiita prosija mara 3, anapata 1, 2, 3. Jaribio limefaulu.

Sasa futa ule mstari wa LOCK TABLE, uendeshe jaribio tena. 1, 2, 3. Limefaulu vilevile.

Jaribio hilo halikuwahi kuligusa kufuli linalowekwa na LOCK TABLE. Muunganisho, yaani njia moja ya mtumiaji kuingia kwenye kanzidata, hauzuiwi na kufuli ulilolishika wenyewe; mwenye funguo anaingia na kutoka apendavyo. Ili kufuli lionekane, lazima awepo mtu wa pili mlangoni, na hapo ndipo wanaoandika prosija wanapogawanyika.

Wapo wanaosema muunganisho mmoja unatosha, na hoja yao si ya uvivu. Zana za majaribio kama pgTAP kwa PostgreSQL na tSQLt kwa SQL Server, kanzidata ya Microsoft, zimejengwa juu ya wazo hilohilo: fungua muamala, weka data ya mfano, ita prosija, kagua matokeo, kisha rudisha kila kitu nyuma kana kwamba hukupita. Ni upesi, na hakuna takataka ya kufagia. Tena makosa mengi ya prosija hayahusiani na kufuli hata kidogo. Tarehe imehesabiwa vibaya, salio tupu limechukuliwa kuwa sifuri, mwanachama aliyejitoa bado anakatwa makato. Anayeanza na miunganisho miwili kabla hajayamaliza hayo anajitafutia kazi.

Ila zana hizo zina mpaka usiosemwa sana. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, prosija ya PostgreSQL inaweza kukamilisha muamala wake ndani kwa ndani. Prosija ya namna hiyo ukiiita ndani ya muamala uliofunguliwa na jaribio, ikifika kwenye COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, inakataliwa kwa kosa. Yaani zile prosija nzito, za kufunga hesabu za mwezi kwa mafungu, ndizo zisizoingia kabisa katika mtindo huu.

Upande wa pili wanataka miunganisho mingi, ila hata wao hawako pamoja. Njia inayokuja kichwani kwanza ni kuimwagia kanzidata mzigo: pgbench (zana ya PostgreSQL ya kupima kasi), wateja 20, dakika 5, kisha unahesabu kama kuna namba zilizojirudia. Ni njia nzuri ya kujua kufuli linakula muda kiasi gani. Kama ushahidi wa usahihi naiona dhaifu, maana upenyo kati ya kusoma namba na kuiandika ni mdogo mno, na mashine ya majaribio inaweza kuupita mara elfu bila kuukanyaga. Wengine hutia usingizi katikati, pg_sleep (amri ya kusubiri tu) ya sekunde 2, wakitumaini muunganisho wa pili utakuwa umefika. Siku seva ikielemewa haufiki, jaribio linaanguka bila kosa lolote, na baada ya wiki 3 kila mtu amezoea kulipuuza.

Wanaoitengeneza PostgreSQL wenyewe wana chombo cha kazi hii ndani ya msimbo wake, isolationtester. Unaandika hatua za kila muunganisho, na usipotaja mpangilio chenyewe kinazipitia njia zote za kuzichanganya. Miunganisho 2 yenye hatua 3 kila mmoja ina mipangilio 20. Ongeza muunganisho wa tatu wa hatua 3, inakuwa 1,680. Hapo wale wa muunganisho mmoja wana haki ya kucheka, na kwa kweli hakuna anayeziendesha zote, unachagua zinazouma.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba chombo hicho hakitazami saa. Kinaiuliza seva yenyewe kama hatua fulani imezuiwa. Tangu toleo la 9.6 nasi tunaweza kufanya hivyo kwa pg_blocking_pids, inayotaja nani anamzuia nani. Muunganisho wa kwanza uite prosija usikamilishe muamala. Wa pili uite. Wa tatu uulize tena na tena mpaka jibu liseme wa pili anamsubiri wa kwanza. Ndipo wa kwanza akamilishe, na wa pili apate namba inayofuata. Rudia, safari hii wa kwanza arudishe nyuma, na wa pili apate namba ileile aliyoiacha mwenzake. Ukifuta mstari wa LOCK TABLE, jaribio hili linaanguka pale pale, kwa kuwa hakuna anayemsubiri mwenzake.

Na linafichua jambo ambalo kwa kuusoma tu msimbo hulioni kwa urahisi. Tuseme muamala unatumia ngazi ya REPEATABLE READ, inayouonyesha muamala data ileile mwanzo hadi mwisho, na kabla ya kuita prosija umekwisha kusoma salio la mwanachama. Picha ya data inagandishwa kwenye usomaji huo wa kwanza. Wa pili anasubiri kufuli kwa adabu, analipata, kisha anasoma namba kubwa ya zamani. Kufuli limefanya kazi yake yote na risiti mbili zimepata namba moja, isipokuwa safu ya namba iwe na sharti la upekee, linalokataza namba kujirudia, la kuikataa ya pili.

Kwa hiyo kwa prosija hii ningeacha kufunga jedwali zima. Jedwali dogo lenye mstari mmoja kwa kila tawi, na amri ya UPDATE inayoongeza 1 na kurudisha namba, linawasubirisha watu wa tawi moja tu. Katika REPEATABLE READ wa pili anapata kosa waziwazi baada ya mwenzake kukamilisha, wala hapewi namba ya uongo. (Watumiaji wa MySQL, programu nyingine ya kanzidata, wameamuliwa mapema: LOCK TABLES haikubaliwi ndani ya prosija.) Kama ni lazima kufunga jedwali, basi hali ya EXCLUSIVE itaje kwa jina. Usipotaja unapewa ACCESS EXCLUSIVE, ambayo inazuia hata usomaji. Pg_dump, zana ya kuchukua nakala rudufu, ikiwa inanakili jedwali hilo, prosija yako itaisubiri, na kila SELECT (amri ya kusoma) itakayokuja baadaye itapanga foleni nyuma ya prosija.

Majaribio haya ya miunganisho zaidi ya mmoja yana gharama, sikatai. Data inayokamilishwa hairudishwi nyuma, hivyo yanahitaji kanzidata yao, inayozalishwa kutoka kiolezo na kutupwa. Hayatakuwa mengi, moja au mawili kwa kila prosija inayosubirisha watu. Na lock_timeout, kikomo cha muda wa kusubiri kufuli, iwekwe, hata sekunde 3, kwa kuwa PostgreSQL kwa kawaida inaiacha 0, yaani bila kikomo: jaribio lililokosewa litakaa limesubiri usiku kucha, na asubuhi utalikuta palepale.