Mikseri ya Kwaya Imehamia Kwangu

Ukiharibikiwa na pasi, utajua wewe, mke wako na shati lako. Friji ikifa, harufu itabaki jikoni. Lakini ole wako ulete nyumbani kitu cha sauti kinachoumwa: Katuba yote, mtaa wetu hapa Lubumbashi, itafuata matibabu, na kila mtu ana dawa.

Mikseri yenyewe si yangu, ni ya kwaya, ile mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, ya kubeba ampli ya kukuza sauti ndani yake. Shemeji yangu ndiye anayeongoza kwaya, na siku moja aliniona nikiunga waya wa chaja ya simu. Basi, tangu siku ile mimi ni fundi. Aliileta kwa pushipushi, akaitua juu ya meza tunapolia bukari, ugali wetu, akasema: "Shemeji, ni kakitu kadogo tu." Kadogo! Spika ya kuume imenyamaza, ya kushoto inanguruma, na kifundo chochote ukizungusha kinakwaruza mpaka mbwa wa jirani anajibu.

Mshauri wa kwanza alifika kabla sijafungua skrubu. "Ni fyuzi hiyo. Zungushia karatasi ya sigara, itatembea." Hivi nani aliwafundisha watu wetu hilo? Fyuzi kazi yake ni kufa! Imenunuliwa ife, wengine wapone. Nafungua kifuniko, kumbe fundi aliyenitangulia alikuwa wa dini hiyohiyo: pale pa fyuzi amekaza uzi wa shaba, mnene, wa kufungia mbuzi. Kwa hiyo fyuzi ya franka chache ikaokolewa, na transista za kutolea sauti zikafa kwa niaba yake. Nazipima miguu, mita inalia piii popote ninapogusa. Zimeshikana ndani, mambo yamekwisha.

Juu ya bodi limelala vumbi letu jekundu, ndani ya vumbi mende mkavu na karatasi ya pipi. Sijui nani anakula pipi juu ya mikseri wakati wa mahubiri, ila nina mtu ninayemshuku. Chini ya vumbi, kapasita kubwa mbili za mikrofaradi 4,700, vichwa vimevimba. Kapasita yenye afya kichwa chake ni bapa, ikivimba, usiulize. Na usiiguse hovyo. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi, kwa sababu kapasita inaweka akiba ya umeme kuliko mama wa likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa, na siku ya kugawa inakupa yote mara moja. Mimi naziunganisha miguu kupitia rezista kwanza, nangoja, napima, ndiyo nashika.

Sasa jambo la taa. Bodi iliyoungua, hata ukishabadilisha vitu, huichomeki hivihivi. Waya mmoja wa umeme unaupitisha kwanza kwenye taa ya zamani, ile yenye uzi ndani, wati 100. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti, na taa imekula umeme ambao ungekula transista zako. Ikimeta mara moja halafu ikafifia, pumua. Hizi taa mpya za LED haziwezi kazi hiyo. Nimezunguka mjini kutafuta ya uzi: LED, LED, LED. Kwenye parsele yetu ilibaki moja tu, nayo iko katika sanduku la vifaranga vya mke wangu. Na ni mwezi wa sita! Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa sita hapa, mtu mzima anatamani kulala chini ya ile taa.

"Papa ya batoto," akaniuliza, "hii mikseri njo itataga mayai?"

Sikujibu. Nilikopeshwa taa kwa masharti, vifaranga vikafunikwa kwa sweta yangu ya kazi. Sijaivaa tena, na naomba nisiulizwe kwa nini.

Transista zinazohitajika kila fundi anazijua: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, wanatembea wawili. Ya kweli inabeba ampea 15. Zile nilizouziwa mjini zinabeba mpaka mwisho wa wimbo wa kwanza.

"Patron, ni original!"

"Original ya wapi?"

"Original ya hapa."

Hapo alisema kweli. Nimesugua kwa pamba na spiriti, namba yote ikahamia kwenye pamba. Nimepasua moja kwa koleo: ndani ya mwili wote ule, silikoni yenyewe ni kipande cha kutafuta kwa miwani. Mwishowe nimepata jozi iliyong'olewa kwenye ampli nzee iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Nzee, ina mikwaruzo, lakini ukiisugua namba haitoki.

Halafu kuna umeme wenyewe. Watu wanasahau umetoka wapi. Sehemu ya umeme wa huku Katanga inatoka Inga, kwenye mabwawa ya mto Kongo, inafika Kolwezi kwa waya wa kilomita 1,700 hivi, uliowashwa mwaka 1982, kwa kilovolti 500. Mimi naomba 220 tu. Volti, si kilo. Jioni, mtaa mzima ukiwasha majiko, mita yangu inasoma 150. Safari ni ndefu, nakubali, lakini hata mjomba akitoka Kinshasa anafika na kitu mkononi! Usiku wa manane, watu wakilala, ndipo volti zinarudi. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hapa anafanya kazi usiku wa manane, na ndiyo maana majirani hawamsalimii asubuhi.

Siku nilipolazimika kupima mchana niliiacha ingurume. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipita kwenye dayodi nne, zinazoulazimisha uende upande mmoja, unatoka na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita zilizovimba haziwezi kuyalainisha tena, kwa hiyo yote yanakimbilia kwenye spika. Mama wa parsele ya tatu akaingia na beseni la mahindi kichwani.

"Papa, kusaga meka moja ni ngapi?"

"Mama, hapa si mulini."

"Lakini nasikia mashine."

Akatua beseni, akaketi, akangoja. Hakuniamini mpaka nilipozima.

Kapasita mpya zikaingia, kunguruma kukaisha. Nikashika maikrofoni: "Alo, alo. Moja, mbili…" Nyuma ya ukuta, mtu nisiyemwona: "Tatu!" Nikanyamaza. "Nne!" Vifundo nikavisafisha kwa spiriti, kukwaruza kukaondoka, isipokuwa mlio mmoja wa tik, tik, unaokuja ukitaka. Hapo dawa ni kugonga bodi taratibu kwa kijiti kikavu, sehemu kwa sehemu, huku unasikiliza. Watoto wa avenyu wakapanda ukutani kunisaidia kusikiliza.

"Hapana. Hapana. Hapana. Hapo! Papa, rudi nyuma, hapo!"

Na ilikuwa hapohapo. Kwenye tundu la kuchomekea maikrofoni, lehemu ilikuwa imepasuka duara zima kuzunguka mguu, kaufa keusi kembamba, mguu wenyewe unacheza katikati. Ni hawa waimbaji, wakishapandwa na roho wanavuta waya. Lehemu mpya, moshi kidogo, kwisha. Watoto wakadai biskuti. Niliwapa, fundi wa mjini angedai dola.

Jumapili mikseri ikaenda kazini. Jumatatu asubuhi nasikia magurudumu ya pushipushi langoni.

"Shemeji, imekufa tena?"

"Hapana, inasema vizuri sana. Njo tatizo."

Kumbe miaka yote ile watenoa wa safu ya nyuma hawakujua maneno, ila hakuna aliyewasikia. Na mama mmoja wa sauti ya kwanza, soprano, ambaye kanisa zima lilikuwa linamsifu, amesikika Jumapili hii akiwa peke yake, bila msaada wowote. Kamati imekaa mpaka saa nane.

"Wanauliza," shemeji akasema huku akiangalia viatu vyake, "kama unaweza kurudisha ile kunguruma. Hata kidogo. Upande wa soprano."