Injini ya Trekta Kuukuu Husingiziwa

Trekta ndogo ya bustani ikikaa bandani miaka mingi bila kuguswa, kila anayekuja kuitazama hutoa hukumu ileile: injini imekufa. Siku hiyohiyo soketi za kufungulia boliti zinatandazwa chini, silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inafunguliwa, na boliti moja yenye kutu inakatikia ndani ya bloku. Sasa trekta ina ugonjwa ambao haikuwa nao asubuhi. Mimi nasema mkono usifike kwenye silinda hedi mpaka umeme wote uwe umekaguliwa, kuanzia nguzo ya betri hadi ncha ya plagi.

Chukua injini za Kohler za mfululizo wa K, zile za silinda moja zilizofungwa kwenye Cub Cadet na Wheel Horse nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Fundi anatoa plagi, anafunga geji ya kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), anapiga stata, mshale unapanda kidogo tu. Anatangaza kwamba ringi za pistoni zimeisha. Kumbe kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) ya injini nyingi za aina hiyo kuna kifaa kidogo kinachoiacha valvu ya kutolea moshi wazi kidogo wakati injini inazunguka polepole, ili stata isielemewe. Injini ikishika kasi kifaa hicho kinajiondoa na valvu inafunga sawasawa. Kwa hiyo kipimo cha chini hapo hakithibitishi kitu, na ringi hazijapata hata nafasi ya kujitetea.

Pistoni iliyoganda ni habari nyingine, lakini hata hiyo haihitaji nyundo. Mimina oili nyepesi kwenye tundu la plagi, iache ilowe, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa mkono, mbele na nyuma, bila kulazimisha.

Turudi kwenye umeme, maana humo ndimo mna kesi nyingi. Katika trekta hizi fremu na injini ndiyo njia ya kurudishia umeme kwenye upande hasi wa betri. Kutu ikiingia kati ya bloku na fremu, njia inaziba. Rangi nayo inaziba vilevile, na hapa ndipo warekebishaji wanaopenda kung'arisha hujitega: wanapaka fremu mpaka inameremeta, wanafunga kila kitu juu ya rangi, halafu stata inatoa tiki moja na kunyamaza. Weka multimita kwenye volti, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikisoma sehemu moja au mbili za kumi ya volti, njia ni safi. Ikisoma volti nzima, kwangua rangi, funga kebo nene kutoka betri hadi kwenye bloku yenyewe, kisha jaribu tena kabla hujanunua stata.

Swichi ya ufunguo isiyo ya injini hiyo inaua koili, kile kinachoipa plagi umeme wa cheche, kimyakimya. Kuna injini za magneto, zinazojitengenezea umeme wa cheche kwa sumaku, ambazo swichi huzizima kwa kuunganisha koili na bodi, na kuna injini za betri na koili, ambazo swichi huzipelekea umeme ili ziwake. Swichi za aina hizi mbili zinaweza kufanana kwa sura kama mapacha, lakini ukiweka ya betri kwenye injini ya magneto, unageuza ufunguo na kuitupia koili volti 12 isizozihitaji. Inaungua, kisha lawama inarudi palepale: injini imekufa.

Kuhusu waya, sina huruma. Zikishakauka na kupasuka ganda, kuziviringishia utepe ni kuahirisha moto. Ng'oa zote, chora ramani, suka mpya, na weka fyuzi karibu na betri hata kama kiwandani hawakuweka. Swichi za usalama za chini ya kiti na kwenye klachi zibaki. Anayeziunganisha moja kwa moja ili asisumbuliwe amesahau kabisa kwamba chini yake kuna panga la kukatia nyasi linalozunguka.

Ila platini, vile vidole vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili ili cheche itoke, siiondoi. Najua kuna vifaa vya elektroniki vya kuweka mahali pake, na vinafanya kazi. Lakini kwenye Kohler hizo za K, platini zimekaa nje, chini ya kifuniko kidogo ubavuni mwa injini. Unazisafisha na kuzipa mwanya wa nusu milimita bila kuondoa flaiwili. Kitu ninachoweza kukitengeneza kwa fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) na kipande cha karatasi safi, sioni sababu ya kukibadilisha na kiboksi kisichofunguka.

Cheche ikiwa kali, kabureta ikiwa imesafishwa gundi ya petroli ya zamani, na injini bado haina nguvu, hapo ndipo naipima ndani, tena kwa hewa: pistoni ikiwa juu kabisa valvu zote zikiwa zimefunga, na kranki ikishikiliwa isizunguke, naingiza upepo kwenye tundu la plagi na kutega sikio. Ukivuma kwenye kabureta, valvu ya kuingizia inavuja. Ukivuma kwenye bomba la moshi, ni ile ya kutolea. Ukitoka kwa wingi kwenye tundu la kujazia oili, ringi au silinda imelika, na sasa ndiyo unaweza kuleta soketi.