Nyongeza ya dagaa na kadi ya Diamond

Pale mwalo wa Kirumba, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mama akishakupimia dagaa sado moja haishii hapo. Anachota tena kwa kiganja na kumwaga juu mpaka kilima kinaanza kuporomoka pembeni, kisha anakutazama usoni aone kama umeridhika. Hiyo ndiyo nyongeza. Hujaza fomu, huhesabiwi pointi, na bei ya sado inabaki ile ile aliyokutajia ulipofika. Ukirudi wiki ijayo anakukumbuka, na kiganja kinaongezeka kidogo.

Nimekuwa nikiiwaza nyongeza hiyo tangu mpwa wangu anayeishi Florida aliponitumia picha ya kadi yake ya meli za utalii na kuniuliza, "Mjomba, mbona meli zenu za Bukoba hazimpi mteja wa kudumu chochote?"

Swali lake limekuja wakati mwafaka. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila saa za watu imekwisha. Anayekwenda Bukoba anaweza kupanda basi Nyegezi asubuhi bila kuwaza atavuka saa ngapi. Upande wa maji nako nafasi zimeongezeka. MV Victoria ilirudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati, ikiwa na uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa kwa abiria 1,200, tani 400 za mizigo, na magari pia. Meli ina vitanda vya kujaza, na abiria ana njia nyingine ya kufika. Katika hali hiyo, wazo la kumtunza mteja wa kudumu linastahili kujadiliwa kwa uzito, pamoja na ubaya wake.

Tuanze na kadi ya mpwa wangu. Ni ya Royal Caribbean, na mpango wenyewe unaitwa Crown & Anchor Society. Unahesabu usiku: usiku mmoja melini ni pointi moja, na anayelala kwenye vyumba vya kifahari anapata mbili. Pointi 30 zinakufikisha Platinum, 80 Diamond, 175 Diamond Plus, na 700 Pinnacle. Aliyefika Diamond anapewa vinywaji vinne vya bure kila siku, pamoja na mambo mengine madogo madogo ya kumfanya ajione mwenyeji.

Sasa tupige hesabu ya hapa kwetu. Mtalii anayesafiri mara moja kwa mwaka, siku 7, ataipata Diamond mwaka wa 12. Mama wa Kashai, kule Bukoba, anayeleta ndizi Mwanza analala melini usiku mmoja wa kuja na usiku mmoja wa kurudi. Akifanya hivyo kila wiki, usiku 80 anaumaliza kwa wiki 40. Ile ngazi ya 700, ambayo watu wa Marekani huitafuta kwa nusu ya maisha yao, yeye angeifikia kabla mwaka wa saba haujaisha. Ziwa hili lina watu waliolala juu ya maji usiku mwingi kuliko watalii wengi wa Karibiani, na pale kwenye dirisha la tiketi wanapokelewa kama wageni wa jana. Kwangu mimi hoja hiyo peke yake inatosha kuanzisha mjadala.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi, na sijasikia ikisemwa. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, ikaondoka na watu zaidi ya 800. Baadhi yao wamezikwa makaburi ya Igoma, Mwanza. Idadi kamili inabishaniwa hadi leo, kwa sababu ilibeba watu kupita uwezo wake na orodha haikuwa na majina yao wote. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu 228. Safari hiyo mkatisha tiketi alikufa, na mashine ya tiketi ikapotelea majini. Hesabu ya waliokuwamo ikazama na chombo.

Kadi ya mteja wa kudumu yenye jina na namba ya kitambulisho, ikisomwa gatini na taarifa zake kubaki nchi kavu, ni orodha ya abiria inayojiandika yenyewe. Mtu akiamriwa kuandika jina lake anaweza kuandika lolote ili foleni isogee. Akijua kwamba usiku wake unahesabiwa kwa jina hilo, ataandika lile lililo kwenye kitambulisho. Hapo msafiri anapata nyongeza yake, na siku ya balaa ndugu zake wanapata jibu.

Hizo ndizo hoja za kukubali, na ninazikubali. Lakini nilimwomba mpwa wangu anieleze pia alicholipa, na hapo mambo yakabadilika sura.

Bei inayotangazwa huko ni ya kitanda na chakula cha kawaida. Juu yake kuna bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi za Marekani huikata moja kwa moja kila siku kwa kila mtu. Tuchukue dola 18: watu wawili kwa siku 7 ni dola 252. Kisha kuna kifurushi cha vinywaji. Tuseme ni dola 80 kwa siku kwa mtu mmoja. Kampuni kadhaa kubwa zina sharti kwamba mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, mwenzake naye anunue. Mume wa mpwa wangu ni mlokole, hagusi kilevi. Kwa sharti hilo, wawili kwa siku 7 ni dola 1,120, na ikiongezwa asilimia 18 ya huduma inavuka dola 1,321. Intaneti ina bei yake peke yake. Msafiri wa peke yake mara nyingi hulipia chumba kana kwamba wamo wawili. Ukishayajumlisha hayo, vinywaji vinne vya bure vya Diamond unaviona kwa jicho jingine: bei ya glasi imepandishwa kwanza, ndipo ya bure ikaonekana zawadi.

Bei hizi zilizokatwa vipande ziliwachosha hata wenyewe. Jimbo la California lilipitisha sheria iliyoanza Julai 1, 2024, ikitaka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima ndani yake. Kampuni kubwa za meli zikaanza kuonyesha nauli pamoja na ada za bandari, na zikafanya hivyo Marekani yote, si California pekee. Bakshishi ikabaki nje. Hata hivyo ilikuwa hatua.

Ugonjwa huu wa vipande tunaujua pia. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye chombo kimoja cha ziwa hili, nililipia tiketi, nikalipia mzigo kwenye mizani, nikawalipa makuli waliobeba, na tulipofika ng'ambo nikaambiwa mzigo huo huo una malipo mengine ya kushushwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia mapema. Mzigo wenyewe ulikuwa magunia mawili ya viazi vitamu, na nilipomaliza kulipa sikuwa na cha kuita faida. Kadi ya pointi ikiwekwa juu ya utaratibu wa namna hiyo, itakuwa rangi mpya kwenye mtumbwi unaovuja.

Swali linalofuata ni nani anailipia zawadi. Tuseme tiketi ni shilingi 30,000, na wa kudumu anapewa safari ya 10 bure. Hiyo ni sawa na kumpunguzia 3,000 kwenye kila tiketi. Kama safari ya bure ni ya siku ambayo meli ingeondoka na vitanda vitupu, hakuna aliyeumia, maana mafuta yangeungua vile vile. Lakini kama ni ya Desemba, wakati watu wanakwenda kwao na kila kitanda kina wanunuzi watatu, kuna mtu amekosa nafasi au nauli imepandishwa kwa wote. Anayeumia hapo ni yule anayesafiri mara moja: mama anayemleta mtoto Bugando kwa matibabu, mwanafunzi anayekuja kuripoti chuo. Hawa hawatafikisha safari ya 10, ila mchango wao kwenye safari ya 10 ya mwenzao watakuwa wameutoa. Meli za serikali zimenunuliwa kwa kodi ya hao pia.

Kwenye ukataji wa tiketi mapema ninaogopa zaidi. Kampuni za huko hutaka malipo yote yakamilike takriban miezi mitatu kabla ya safari, na bei hupanda kadiri vyumba vinavyojaa. Anayepanga likizo anaweza kufuata utaratibu huo. Msiba hautoi taarifa miezi mitatu kabla. Ukisema anayewahi alipe kidogo na anayechelewa alipe zaidi, umesema anayekwenda kuzika ndiye alipe zaidi. Najua meli inahitaji fedha ya dizeli kabla haijang'oa nanga, na malipo ya mapema yangeisaidia. Bado siwezi kuikubali bei ya kupanda na kushuka kwenye njia hii. Kumpunguzia kidogo anayewahi ni sawa, mradi nauli ya kawaida iwe na kikomo kinachojulikana.

Vifurushi vya vinywaji sitavichelewesha. Safari ya usiku mmoja, kwenye ziwa lenye mawimbi, na watu wanaotakiwa kujua jaketi la kuokolea liko wapi: pombe ya kunywa bila hesabu haina nafasi hapo. Kifurushi cha chakula cha jioni na chai ya asubuhi, kikiuzwa pamoja na tiketi kwa bei iliyoandikwa, kingewafaa wengi, na hakuna alazimishwe kukinunua.

Mwenye majibu ya kweli ni anayelala humo. Jioni moja nilikaa na mama mmoja bandari ya Mwanza Kaskazini, akisubiri kurudi Bukoba. Alikuwa amekalia kikapu, kanga kaitupia begani, na pembeni yake magunia ya dagaa yaliyoshonwa kwa kamba ya katani. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya kadi na soda za bure. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, soda nitanunua," akasema. "Mimi nataka mikungu yangu isilale gatini. Ndizi ikilala siku mbili kwenye joto, mteja anaibonyeza hivi," akabonyeza gunia kwa kidole gumba, "anaondoka. Na nikifika nimechoka, nipate kitanda, si kuambiwa vimeisha."

Alichosema kinanipa kipimo. Nyongeza ya msafiri wa ziwa hili iko kwenye mzigo na kitanda. Aliyelala melini usiku 80 apewe kilo kadhaa za bure juu ya zile za kila abiria, mzigo wake upokelewe na kushushwa mapema, na vitanda vichache vya daraja lake vishikwe kwa ajili ya wenye kadi hadi saa fulani, kisha viachiwe kwa wote. Safari za bure zitolewe siku ambazo meli haijai. Hayo hayamwongezei nauli anayesafiri mara moja.

Kuna mpaka mmoja ambao kadi isiuguse. Kutangulia kupanda ni kutangulia tu. Abiria wa 1,201 hana ngazi, hata angekuwa na pointi 700, na kilo za bure zihesabiwe ndani ya tani zilizoruhusiwa. Nasema hivi kwa sababu tunajuana sana kwenye gati zetu, na kadi ya heshima kwa mkono wa mtu dhaifu inaweza kugeuka kibali cha "huyu ni mteja wetu, mpitishe."

Tena pointi zihesabu usiku, zisihesabu fedha. Carnival, kampuni nyingine ya meli za utalii, ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Juni 2026 itaacha kumpima mteja kwa siku alizosafiri na kumpima kwa fedha alizotumia, na ngazi itakuwa ya kutafutwa upya baada ya muda. Wateja wa miaka mingi waliumia, na ninawaelewa. Kwetu mabadiliko ya namna hiyo yangemweka juu bwana wa chumba cha VIP anayepita mara mbili kwa mwaka, na kumshusha mama wa daraja la chini anayelala humo kila wiki.

Na kabla kadi ya kwanza haijachapishwa, dirishani ubandikwe ubao mmoja: nauli ya kila daraja, bei ya kilo ya mzigo, malipo ya kupakia na ya kushusha pande zote mbili, na jumla yake. Abiria alipe pale, apewe risiti moja, asidaiwe tena ng'ambo.

Yule mama, kabla hajaitwa kupanda, alifungua fundo la kanga na kunionyesha vipande vya tiketi zake, vimefungwa kwa mpira, vya juu bado vinasomeka na vya chini vimefifia mpaka karatasi imebaki nyeupe. Hajui kwa nini anavitunza. Siku mpango huu ukianza, anayekaa dirishani avipokee na kuvihesabu, hata vile visivyosomeka.