Bikira Maria kwenye fulana ya elfu kumi

Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilishika fulana nyeusi yenye Bikira Maria kifuani: mikono ameikunjua, miale ya dhahabu imemzunguka, na chini yake sala fupi ya Kiingereza iliyokosewa herufi mbili. Bei yake elfu kumi. Nilipoikwangua kidogo pembeni, dhahabu ikabaki kwenye ukucha. "Hizo zinatoka sana, dada," muuzaji akaniambia. Nikamuuliza imeandikwa nini. Hakujua, na hakuona sababu ya kujua, maana wateja wake hawaulizi.

Meza za namna hiyo zimejaa mjini. Zina rozari za plastiki za kuvaa kama cheni, suruali zenye herufi za Kiarabu za urembo, na hudi zilizoandikwa Fear of God. Hiyo ni kampuni aliyoianzisha Jerry Lorenzo mjini Los Angeles mwaka 2013, Mkristo asiyeficha imani yake, na jina alilichagua kwa maana. Hudi yake halisi ni ya bei mbaya. Nyingi ninazoziona kwetu ni kopi. Mpwa wangu anayo moja. Siku nilipomwambia kwamba maneno yale ni "kumcha Mungu", kama kule "kumcha Bwana" kwa Mithali 1:7, aliivua akaitazama upya.

Wanaopinga mtindo huu nawaelewa vizuri. Nimekulia jirani na wazee wa Kiislamu waliokuwa wakivua pete yenye jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kuingia msalani. Mtu aliyelelewa hivyo akiona aya imechapishwa kwenye suruali, inayokaliwa na kuburuzwa kwenye vumbi la stendi, ataumia. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa, kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyobarikiwa vitumiwe kwa heshima. Fulana ya Kariakoo haijabarikiwa na padri yeyote, kwa hiyo kanuni hiyo haiihusu. Lakini bibi aliyesali rozari miaka hamsini hapimi kwa kanuni. Anaona chombo chake cha sala kinaning'inia juu ya kifua wazi kwenye baa, na kinamchoma.

Hata hivyo, anayesema kumtaja Mungu kwenye nguo ni ugeni uliotoka Marekani, aende akafungue sanduku la mama yake. Khanga imebeba jina la Mola kwa vizazi, tangu enzi zile majina ya khanga, yaani misemo yake, yalipoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania mwaka 1990 kina mama walimvaa kwenye khanga. Papa Fransisko alipofika Kinshasa mwaka 2023, watu walimpokea wakiwa na vitenge vyenye uso wake, wakacheza navyo, wakakaa navyo chini. Hakuna aliyeona ni kufuru. Tena khanga ikichakaa inakuwa nepi, kisha tambara la kupigia deki, jina lake la Mungu likiwa bado linasomeka. Hoja hii ni nzito, na sijasikia mhubiri akiijibu ipasavyo.

Ila kuna kitu ambacho mama zetu hufanya dukani na wanunuzi wa Mtaa wa Kongo hawakifanyi. Khanga hainunuliwi kabla ya kusomwa jina. Mama ataikunjua, atasoma, atanong'onezana na mwenzake, na kama jina halimfai ataiacha hata rangi ikiwa imempendeza. Anajua anachokisema na anamwambia nani. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Picha takatifu kifuani hainiudhi. Inayoniudhi ni ile iliyovaliwa na mtu asiyejua amevaa nini, akauziwa na mtu asiyejua anauza nini.

Lakini kutosoma hakuko upande wa wavaaji tu. Februari 2024, sokoni Lahore nchini Pakistan, mwanamke alizingirwa na umati uliodai gauni lake limeandikwa aya za Qurani. Askari wa kike ndiye aliyempenyeza katikati ya watu na kumtoa salama. Neno lililokuwa kwenye gauni ni "halwa", yaani nzuri, tamu. Mswahili analijua kutoka kwenye haluwa anayokula na kahawa. Mama yule alikaribia kuuawa kwa neno hilo, na bado yeye ndiye aliyeishia kuomba radhi. Kila ninaposikia mtu akitaka vijana wavuliwe hizi nguo barabarani, namkumbuka yeye.

Kwenye viatu sina mjadala. Mwaka 1997 Nike ilikubali kurudisha zaidi ya jozi 38,000 za viatu kwa sababu neno "Air" lililochorwa kama miali ya moto lilifanana na jina la Allah kwa Kiarabu. Kampuni haikukusudia, na Waislamu waliolalamika walikuwa na haki kabisa. Mguu ni mguu.

Fulana ile sikuinunua. Mpwa wangu alinunua ya kwake wiki chache baadaye, na kabla mwaka haujaisha shingo ilikuwa imelegea na picha imepasuka kwa kufuliwa. Mama akachukua mkasi. Mikono na mgongo akavifanya matambara ya jikoni. Akabaki ameshika kile kipande cha mbele, uso wa Bikira Maria nusu umebanduka. Akakipangusa kwa kiganja, akakikunja mara nne, akakitia sandukuni chini ya khanga yake ya Papa.