Kazi kubwa hufanyika nchi kavu

Mwandishi, umesema China ilizoa dhahabu zote 8 za kuruka majini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 kwa sababu ya vipaji. Hapana, tuyape mazoezi haki yake. Mengi hufanyika nchi kavu: trampolini, mashimo yaliyojazwa sponji, na mkanda wa kiunoni wenye kamba anazoshika kocha ili mtoto ajifunze kujizungusha bila kuanguka vibaya. Kutoka jukwaa la mita 10, mwili hugonga maji kwa kasi ya kama kilomita 50 kwa saa! Ndiyo maana bwawani hupulizwa viputo vya hewa kulainisha maji wakati wa kujaribu mruko mpya. Mrukaji wa China, Quan Hongchan, alishinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 14 tu. Naomba mtuandikie pia kuhusu viganja na vifundo vya mikono vya watoto hawa, maana ndivyo vinavyopokea kishindo cha kwanza.